Mwanangu alirusha pasi ikanaswa mwisho wa mechi: lawama ni za nani?

*"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Texas mwaka wa tisa sasa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17, anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, yeye ndiye kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Ijumaa iliyopita walikuwa na mechi ya mtoano. Walikuwa nyuma 20 kwa 24, zimebaki kama sekunde 40, na mpira wanao wao, yadi 14 tu kufika. Akarusha pasi katikati, mtu wa timu nyingine akaidaka. Mechi ikaishia hapo, na msimu pia. Video inazunguka kwenye simu za wanafunzi. Baba yake anauliza kwa nini hakukimbia nao mwenyewe, au kwa nini hakumpa yule mkimbiaji wao ambaye siku hiyo alikuwa moto kweli. Mimi namwambia si kosa lako mwanangu, ananijibu, 'Mama, hujui.' Kocha hajapiga simu. Tangu siku hiyo mchana analala, usiku yuko macho, hataki taa chumbani, anasema kichwa kizito. Anakula kidogo. Mdogo wake akimgusa anafoka, na yeye si mtoto wa kufoka. Robo ya tatu alikuwa ameangushwa vibaya, akainuka polepole, akaendelea kucheza. Nataka kujua: ni kweli yeye ndiye aliyewafungisha? Na nimwambie nini?"*

Marahaba, mama. Maswali yako mawili nitayajibu kwa kirefu. Lakini ndani ya barua yako kuna la tatu ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo la kwanza kwangu: mtoto huyu aligongwa robo ya tatu, akainuka polepole, na sasa mwanga unamkera, kichwa ni kizito, usingizi umevurugika, hasira ziko karibu. Wewe umeyaona yote hayo kama huzuni ya kufungwa. Huenda ni huzuni kweli. Huenda pia ni mtikisiko wa ubongo, na dalili za hali hizi mbili zinafanana kiasi kwamba hata mimi siwezi kuzitenganisha kwa kusoma barua.

Helmeti inazuia fuvu lisipasuke. Haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu pale mwili unaposimamishwa ghafla. Mtu anaweza kupata mtikisiko bila kuzimia, akacheza hadi mwisho, na dalili zikaja baada ya saa kadhaa au kesho yake. Picha ya CT mara nyingi huonekana safi, kwa hiyo picha safi peke yake haimaanishi kwamba hana kitu. Daktari hupima kwa kuuliza, kuangalia macho, mwendo, kumbukumbu. Tangu 2011 Texas ina sheria inayosema mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe uwanjani siku hiyo hiyo, asirudi mpaka daktari amruhusu kwa maandishi. Shida ya kwenu ni kwamba msimu umekwisha. Hakuna mazoezi, kwa hiyo hakuna anayemtazama akikimbia, hakuna wa kumuuliza. Mpeleke kesho. Akianza kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakazidi, maneno yakawa mazito, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, akapata degedege, au ukashindwa kumwamsha, usingoje kesho: piga 911.

Na jambo moja zaidi juu ya hilo. Pigo lilikuja robo ya tatu, pasi ikaja robo ya nne. Ubongo uliotikisika huchelewa kuona na kuamua. Sisemi pigo lile ndilo lililorusha pasi, na nakuomba usimpe maelezo hayo kabla daktari hajasema neno. Ila kama ikathibitika, basi swali la kwanza la usiku ule linakuwa ni nani aliyemwona akiinuka polepole akamwacha aendelee, na hilo ni swali la watu wazima waliokuwa pembeni ya uwanja.

Sasa tuje kwenye pasi yenyewe.

Nianze na swali la baba, kwa sababu ni swali zuri na ndilo kila mtu aliyekaa jukwaani huwa nalo. Kwa nini asikimbie? Tazama ubao wa matokeo. Mko nyuma kwa pointi 4. Teke la kupitisha mpira katikati ya nguzo lina pointi 3, halitoshi. Ni lazima mpira uvuke mstari wa mwisho, tachidauni yenye pointi 6, na zimebaki sekunde 40. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa huendelea kwenda wakati wachezaji wananyanyuka na kujipanga upya. Kwa jaribio moja unaweza kupoteza nusu ya muda uliobaki. Pasi ikianguka chini bila kudakwa, saa inasimama. Ndiyo maana timu iliyo katika hali hiyo hurusha, na ndiyo maana kocha huchagua pasi. Kwotabeki wa sekondari kwa kawaida hajichagulii shambulizi. Analetewa kutoka pembeni kwa ishara za mikono, yeye analitekeleza. Muulize kijana taimauti ngapi zilikuwa zimebaki, yaani yale mapumziko mafupi ambayo timu huyaomba ili saa isimame. Kama hakuna hata moja, kukimbia katikati ya msongamano kungekuwa kamari kubwa kuliko kurusha.

Swali hilo hilo la baba, Marekani nzima ililiuliza tarehe 1 Februari 2015. Ilikuwa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli hii, huko Glendale, Arizona. New England walikuwa mbele 28 kwa 24. Pointi 4, kama zenu. Seattle walikuwa na mpira yadi 1 kutoka mstari, na walikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji ambaye kumwangusha kulihitaji watu watatu, na ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa ametoka kusogeza yadi 4. Kwotabeki wao Russell Wilson akarusha pasi fupi kwa Ricardo Lockette. Malcolm Butler, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye usajili wa vijana, akachomoka mbele ya Lockette na kuinasa kwenye mstari. Zikabaki sekunde 20. Mechi ikawa imeisha.

Watu walimlaani kocha Pete Carroll, wakamlaani msaidizi wake, wakamlaani Wilson. Mpe Lynch mpira! Lakini kaa na hesabu kidogo. Walikuwa na sekunde 26, taimauti moja, na majaribio matatu. Kwa taimauti moja huwezi kukimbia mara tatu ukawa na uhakika wa muda. Moja kati ya hizo ni busara iwe pasi. Msimu ule Lynch mwenyewe alikuwa amepewa mpira yadi 1 mara tano, akafunga mara moja. Na katika ligi nzima msimu ule, hakuna pasi hata moja iliyorushwa kutoka yadi 1 iliyokuwa imenaswa, mpaka hiyo. Uamuzi ulikuwa na miguu ya kusimamia. Matokeo ndiyo yaliyokuwa mabaya.

Kilichotokea ni kwamba upande wa pili nao ulikuwa kazini. Brandon Browner, beki wa New England aliyewahi kuichezea Seattle, alimkaba mpokeaji wa mbele palepale alipoanzia, asiweze kumzibia Butler njia. Na Butler alikuwa ameliona shambulizi lile mazoezini siku za kabla ya fainali: wenzake walimchezea, akachelewa, akafungwa, makocha wakamrekebisha. Usiku wa mechi alipoona wapokeaji wawili wamepangana vile, hakusubiri. Kila pasi iliyonaswa ina mtu aliyeinasa, mama, na huyo naye ana wazazi wake jukwaani. Wanaomlaumu mrushaji huzungumza kana kwamba uwanjani alikuwa peke yake.

Halafu kuna yale ambayo hayakumbukwi. Seattle walianza robo ya nne wakiongoza 24 kwa 14. Tom Brady akawafunga tachidauni mbili katika robo hiyo, Wilson akiwa amekaa benchi, kwa sababu kwotabeki hayumo uwanjani timu yake inapojilinda. Jeremy Lane, beki wao, alikuwa amevunjika mkono. Cliff Avril, mmoja wa waliokuwa wakimsumbua Brady, alikuwa ametolewa kwa mtikisiko wa ubongo. Weka hayo yote pamoja, kisha uniambie kama ni haki kumtwika mtu mmoja kwa mpira uliosafiri yadi chache.

Kwa hiyo kaeni na kijana, siku kichwa kitakaporuhusu, muulizane zile pointi 24 za wapinzani zilitoka wapi. Hakuna hata moja ambayo wapinzani waliipata kwa kuwashinda walinzi wenu wakati yeye yuko uwanjani. Pointi iliyoachwa robo ya kwanza ina uzito sawasawa na ile iliyoachwa mwishoni. Tofauti yake ni kwamba kosa la mapema lina muda wa kufunikwa, la mwisho halina. Akili ya binadamu ikitafuta sababu hushika kitu cha mwisho ilichokiona. Na tukishajua matokeo, tunaanza kuamini kwamba tungeyaona yakija. Baba yake anapotazama ile video tayari anajua mpira utakwenda wapi. Mtoto hakujua.

Alichokuwa anakijua ni hiki. Mpira unatoka mikononi mwa mtu wa kati na kumfikia. Kuanzia hapo ana kama sekunde mbili na nusu, tatu zikiwa nyingi, kabla watu wazito hawajamfikia. Ndani ya muda huo anarudi hatua tatu, anamsoma beki wa nyuma kama anapanda au anashuka, anamtafuta mpokeaji wa kwanza, akiwa amekabwa anahamia kwa wa pili. Na pasi nzuri ya katikati hurushwa kabla mpokeaji hajageuka. Inarushwa mahali ambapo mpokeaji anatarajiwa kuwapo. Mashambulizi mengi humpa mpokeaji hiari: ukiona beki amekaa ndani, pinda nje, ukiona amekaa nje, pinda ndani. Wote wawili lazima waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja akisoma ndani na mwingine nje, mpira unaenda sehemu tupu, na beki aliyesimama pale anaudaka kama zawadi. Kutoka jukwaani inaonekana kana kwamba kwotabeki amempasia adui.

Kwa hiyo pasi ile ingeweza kuwa na sababu tatu nne tofauti: alisoma vibaya, alisoma sawa na mpokeaji akapinda upande mwingine, mkingaji wake alizidiwa na mkono ukaguswa wakati anarusha, au beki alijificha vizuri akamzidi akili. Video ya simu iliyopigwa jukwaani haiwezi kukuambia ni ipi. Filamu ya timu inaweza, kwa sababu hupigwa kutoka juu na inaonyesha wachezaji wote 22.

Na inawezekana kabisa, mama, kwamba alikosea. Sitaki nikuachie barua inayosema kila pasi ina udhuru. Tarehe 24 Januari 2010, New Orleans, Brett Favre wa Minnesota alikuwa na mpira katika sekunde za mwisho, matokeo 28 kwa 28, timu yake ikiwania kwenda Super Bowl. Hawakuhitaji tachidauni. Pointi 3 zilitosha. Alikuwa na miaka 40, kifundo cha mguu kimeumia, akakimbilia kulia, na badala ya kusogea yadi chache au kuutupa mpira nje, akarusha kinyume na mwelekeo wa mwili wake, katikati ya uwanja. Tracy Porter akainasa. Minnesota walifungwa 31 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Ile ilikuwa pasi mbaya. Kila kocha anayefundisha vijana huwaambia wasirushe hivyo, na Favre, katika msimu wake wa 19, alilijua hilo kuliko wote.

Lakini hata hapo, tazama usiku mzima. Minnesota walipoteza mpira mara tano siku ile, na wachezaji kadhaa walihusika. Walitembeza yadi 475, New Orleans 257, na bado wakafungwa. Na mara tu kabla ya pasi ile, waliadhibiwa kwa kuwa na watu 12 badala ya 11 kwenye kikao cha kupanga shambulizi uwanjani, wakarudishwa yadi 5, teke lililokuwa linawezekana likawa la mbali sana. Kosa la Favre ni la Favre, tena kubwa. Mechi waliipoteza wote.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Ukimwambia "si kosa lako" unamwambia kwa upendo, lakini yeye alikuwepo, aliushika ule mpira, anajua aliurusha yeye. Maneno yako yanamfungia mlango: hana wa kumweleza alichokiona, kwa sababu umeshaamua hakuna cha kueleza. "Mama, hujui" ni kweli tupu, na nadhani ni mwaliko pia. Baba naye anapouliza "kwa nini hukukimbia" anamfungia mlango wa upande wa pili, maana hilo si swali tena, ni hukumu. Mmoja anamwondolea kila kitu, mwingine anamtwisha kila kitu, na kijana yuko katikati akitafuta sehemu yake halisi, ile anayoweza kuifanyia kazi.

Mimi ningemwambia: "Nieleze ulichokiona." Basi. Kisha nyamaza, hata akichukua muda. Akisema alisoma vibaya, usimkatize kumtetea. Mwambie, "Sawa, hiyo ni yako, na utaifanyia kazi. Zile nyingine si zako." Akisema mpokeaji alipinda visivyo, msikilize pia, na usimsaidie kumlaumu mwenzake, huyo naye yuko kwao chumbani, taa imezimwa. Baba ningemwomba akae kimya kikao cha kwanza. Namwelewa, yeye pia aliumia, na pengine hajui jinsi ya kuumia bila kuuliza maswali. Ndugu watapiga simu kutoka nyumbani na kumwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Wamejaa nia njema. Waombe wamsalimie tu, hayo mengine yangoje.

Simu usimnyang'anye. Atajiona anaadhibiwa. Mkubaliane tu kwamba kile kipande hakitazamwi peke yake usiku, kwa sababu kukirudia mara kwa mara hakumfundishi chochote, kunazidi kukichimbia ndani. Na kama ni mtikisiko, daktari naye atampunguzia kioo cha simu kwa siku za mwanzo.

Kocha mwandikie wewe. Ukimya wake huenda hauna maana yoyote mbaya. Wengi wao hudhani wanampa kijana nafasi ya kupumua. Ila mtoto wa miaka 17 husikia ukimya kama hukumu. Usimuulize kwa nini alichagua shambulizi lile, atajihami na mazungumzo yatakufa. Mwambie habari ya pigo la robo ya tatu na dalili ulizoziona, hilo ana wajibu nalo. Kisha mwombe kitu kimoja: akae na mwanao waitazame filamu ya mechi nzima, kuanzia robo ya kwanza, daktari akisharuhusu.

Na waite wenzake wachache nyumbani, hasa wale wakingaji wake wa mbele. Wawili au watatu wanatosha, kelele zikiwa kidogo. Wapikie pilau, hao hula. Hawahitaji kuzungumza juu ya mechi. Mwaka 1991 mpigaji teke wa Buffalo, Scott Norwood, alikosa teke la yadi 47 na timu ikapoteza Super Bowl 20 kwa 19. Kesho yake maelfu ya watu walikusanyika katikati ya mji wao kuipokea timu, wakaliita jina lake mpaka akasimama mbele yao kuzungumza. Mji mzima hamna, lakini watu wale watano waliokuwa wakimkinga wako umbali wa dakika kumi kwa gari, na neno lao kwake lina uzito ambao wewe na mimi hatuna.

Huzuni ya namna hii kwa kawaida huanza kulegea ndani ya wiki moja au mbili: anarudi mezani, anacheka kitu kidogo, anamjibu mdogo wake vizuri. Isipolegea, akiendelea kujifungia, akaacha shule na marafiki, mtafute mshauri wa shule au daktari wa afya ya akili wa vijana. Na ukimsikia anasema hana maana, au bora asingekuwepo, usingoje siku ya pili. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; kunamwonyesha kwamba linaweza kusemwa. Usimwache peke yake, na piga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa yoyote, bure.

Kuhusu kurudi kucheza, usimuulize bado, na baba asimwahidi wala kumkataza. Wilson, msimu uliofuata baada ya pasi ile ya Glendale, alirusha pasi 34 za tachidauni na kunaswa mara 8 tu. Nakutajia hilo wewe. Mwanao usimwambie sasa, maana atalisikia kama deni. Kwake kuna mambo mawili yanayokwenda kwa zamu: daktari aseme kama mwili unaruhusu, kisha yeye aseme kama anataka. Akisema hataki tena, muulize mara moja baada ya mwezi, na jibu atakalotoa siku hiyo mlipokee.